Shoka la Moto Kwemkonde

Ijumaa tarehe tisa Julai, mwaka 1909, kama saa nane mchana, Hamisa aliweka mchi chini, akafuta jasho, akaingia ndani kumwamsha mume wake ale. Mume wake hakuamka. Jumbe Hiza wa Kwemkonde alikuwa amelala chali, macho wazi, mto wake umeanguka sakafuni. Chini ya kitanda, mahali ambapo Hamisa alifagia asubuhi ile ile, palikuwa na pembe ya mbuzi iliyofungwa kitambaa chekundu.

Hamisa alipiga yowe, na watu wakajaa. Wanaume walikuwa ndiyo kwanza wanatoka kwenye sala ya Ijumaa, ambayo Jumbe hakwenda kwa sababu ya homa. Pembe ilipoonekana, homa ikasahaulika. Walimzika kabla ya magharibi, na kesho yake asubuhi mganga akafika na shoka.

Kiapo cha shoka kila mtu Uzigua alikijua. Chuma kinatiwa motoni mpaka kinakuwa chekundu, mtu anaweka kiganja juu yake kwa muda wa kutaja jina lake na la baba yake. Mwenye hatia huungua, asiye na hatia haungui. Walioitwa ni wanne, wote wa ua wa Jumbe: Fatu, mke mkubwa, Hamisa, mke mdogo, Mhina, mpwa wa Jumbe, mtoto wa dada yake, na Mwalimu Kaleb, Mkristo kutoka milimani, aliyekuwa amepewa kibanda pale uani ili afundishe watoto kusoma. Kaleb alikataa. Alisema dini yake hairuhusu. Watu wakasema dini hiyo ina bahati sana.

Hamisa alianza. Alitetemeka, ikabidi mzee mmoja amshike mkono na kuulaza kwenye chuma. Ngozi ya kiganja ilibaki pale. Akafuata Mhina, ambaye alitaja jina lake, la baba yake, akaongeza na la babu, kisha akainua kiganja kisafi. Fatu alikuwa wa mwisho, shoka limeshaanza kuwa jeusi, akatoka na wekundu kidogo tu.

Basi mchawi akawa amepatikana. Jumapili Mhina akaenda mwenyewe kutoa habari boma la Handeni, mwendo wa saa nne kwa miguu, na mguu wake wa kushoto umefungwa kitambaa kuanzia vidoleni hadi juu ya kifundo.

Pale bomani habari iliandikwa na Karani Semboja, mtu wa Vugiri, mwenye miaka arobaini na kitu, na tumbo lililotangulia cheo chake. Alimpa Mhina kiti na maji, akamuuliza mguu umefanya nini. Mhina alisema jembe limemkata. Semboja akampa pole, akaandika.

Mzungu wa boma aliposomewa, aligawa maneno yake matatu kama kawaida yake. Kiapo kimepigwa marufuku, kwa hiyo mganga aingie ndani. Uchawi haupo, kwa hiyo mwanamke hakuloga. Lakini wanawake huwapa waume zao sumu, kwa hiyo mwanamke aletwe. Jumatatu ya tarehe kumi na tisa wafungwa wangepelekwa Pangani, na Hamisa angekuwemo. Semboja akaomba ruhusa ya kwenda kuuliza kidogo. Akapewa askari mmoja, na siku zilizobaki kabla ya Jumatatu hiyo.

Aliomba kwa sababu mbili. Hamisa aliletwa Jumatatu ya tarehe kumi na mbili jioni, mkono umefungwa jani la mgomba, na mtoto wa kiume wa miezi minane mgongoni. Pangani hawakuruhusu watoto gerezani. Hata kama asingenyongwa, Semboja hakuwahi kumwona mwanamke aliyerudi kutoka kule na maziwa bado kifuani.

Sababu ya pili aliiweka moyoni. Mzungu yule alikuwa anakusanya maandiko ya uchawi, uganga na kiini macho, ayapeleke kwao wakayasome wenye miwani. Mwandishi wake alikuwa Semboja. Mwezi wa Juni Semboja alipita Kwemkonde akitokea Korogwe, na kwenye daftari lake kulikuwa na ukurasa mzima juu ya namna ya kushika chuma cha moto bila kuungua. Akaugua homa njiani, akaliacha daftari kwa Mwalimu Kaleb siku nne ili alinakili.

Jumanne saa tatu asubuhi alikuwa Kwemkonde. Alianza na mzee aliyeosha maiti.

Mzee alikuwa mstaarabu. Alimkumbusha karani kwamba mwosha maiti haelezi alichokiona. Aibu ya marehemu inazikwa naye. Semboja alikubali kabisa. Akakaa, akazungumzia mvua, akazungumzia nguruwe wanaokula mahindi. Halafu akauliza, maana na yeye ana wazee nyumbani na ni vizuri kujua, maiti moja huchukua pamba kiasi gani.

"Kidogo tu," mzee alisema. "Ya puani, ya masikioni."

"Na Jumbe ulimtia puani kiasi gani?"

"Kama hiki." Mzee alionyesha ncha ya kidole. "Ila nilianza kwa kutoa iliyokuwamo."

"Ilikuwamo pamba?"

"Usufi. Puani na kwenye meno." Mzee akamtazama karani. "Umenizunguka, mwanangu."

"Nimezunguka pamba, mzee wangu. Maiti sijaigusa."

Mto wa Jumbe ulikuwa wa usufi. Semboja aliuomba, akaukuta umechanika pembeni, na alama za meno kwenye kitambaa. Jumbe hakulogwa wala hakula sumu. Mtu alimziba uso kwa mto wake mwenyewe, mtu mwenye mikono miwili na nguvu.

Kutoka pale alikwenda ua wa jirani. Wanawake wawili wa huko walikuwa na manung'uniko waliyoyahifadhi tangu Ijumaa: Hamisa alitwanga kuanzia adhana mpaka yowe, wakati watu wanasali. Hakupumzika? Alipumzika mara moja kumpa mtoto ziwa, hapo hapo kwenye kinu, walimwona juu ya uzio. Semboja aliwauliza kwa nini hawakusema hivyo siku ya kiapo. Walimwangalia kama mtu aliyeuliza kwa nini samaki hapandi mti. Mchawi, walimweleza, hahitaji kuingia chumbani. Anaweza kuua huku anatwanga.

"Na kuziba pua kwa mto?"

Walifikiri. Kwa hilo, walikiri, ingebidi aingie.

Fatu alimpokea mlangoni bila kumkaribisha. Ijumaa alikuwa shambani na wanawake sita, na wote sita walithibitisha baadaye. Ni yeye aliyemwita mganga? Ndiyo, ni yeye. Alikuwa anamchukia Hamisa? Fatu alisema mke mwenza si pacha wako, karani hajaoa wawili nini. Semboja alisema mmoja anamtosha na kubaki. Hapo ndipo Fatu alipotabasamu kidogo, akampa kigoda.

Akamweleza jambo ambalo Semboja alilijua nusu. Mwezi Juni Jumbe alimnong'oneza Semboja arudi baada ya mwezi, amwandikie karatasi ya shamba. Hakusema shamba gani. Fatu alilitaja: shamba la bondeni, lile lenye maji mwaka mzima. Jumbe alitaka liende kwa mtoto wa Hamisa.

"Kwa dini, mtoto anarithi," Fatu alisema. "Kwa mila yetu sisi Wazigua, mali ya mjomba ni ya mpwa. Hiza alikuwa katikati, akaamua kwenda na dini. Mimi sikuzaa, shamba liende kwa nani hainihusu."

"Mhina alijua?"

"Ua ni mmoja, karani. Hata panya wanajua."

Semboja akauliza habari za mguu wa Mhina, kama mtu anayeulizia mgonjwa. Fatu alisema mwiba ulimchoma. Alikuja kwake kuomba kitambaa, na yeye akamchania kanga kuukuu. Siku gani? Siku aliyotoka gulioni, Jumamosi, si hii ya kiapo, ile ya kabla. Semboja alihesabu kwenye vidole: tarehe tatu Julai. Siku saba kamili kabla ya kiapo, siku sita kabla ya maiti.

Mhina mwenyewe alikuwa kibarazani pake, akipokea rambirambi. Alisimama kwa heshima, akamletea karani muwa. Ijumaa hakwenda msikitini kwa sababu ya mguu. Alilala nyumbani kwake, upande wa pili wa ua. Hakusikia kitu ila mchi wa Hamisa. Alizungumza kwa upole, na machozi yalimtoka bila kelele. Askari, ambaye hakuwa mwepesi wa kuguswa, alijikohoza.

Aliyebaki ni Kaleb. Ijumaa saa saba hakuwa msikitini wala shambani. Alikuwa kibandani peke yake anaandika barua kwao, na hakuna aliyemwona. Wiki moja kabla, Jumbe alikuwa amemwambia ahamishe shule, nyimbo zinamchosha. Na yeye ndiye aliyekaa na daftari.

"Ulilisoma?" Semboja alimuuliza.

"Nililinakili, Bwana Karani. Lazima nilisome."

"Ulilisoma kwa sauti?"

Kaleb aliinamisha kichwa. Ndiyo, jioni mbili, uani. Jumbe alimwomba. Walikuwapo wote, Jumbe, wake zake na Mhina. Waliupenda ukurasa wa chuma cha moto kuliko yote. Jumbe alicheka mpaka akakohoa, Mhina akaomba usomwe mara ya pili.

Semboja alifungua ukurasa huo. Ulisema kiganja kisuguliwe kwa maji ya shabu, jiwe lile jeupe la dukani linalokaza ngozi, kiachwe kikauke, kirudiwe hivyo mara nyingi. Chini yake uliandikwa mwiko: siku saba kabla ya kushika chuma, mguu wa kushoto usiguswe na maji.

Askari alitaka kumfunga Kaleb. Hoja yake ilikuwa safi: mtu asiyekwenda msikitini, asiyekula kiapo, na mwenye daftari la uchawi. Semboja alisema kama kuwa na daftari hili ni kosa, basi waanze kumfunga yeye aliyeliandika. Akamwacha askari amlinde Kaleb bila kamba, wala asimtoe Mhina machoni.

Tatizo lake lilikuwa jepesi kulieleza na gumu kulitatua. Kitambaa cha Mhina kilianza tarehe tatu, na kilikuwa kwenye mguu ule ule wa mwiko. Lakini Mhina alikuwa na majibu. Angesema alichomwa na mwiba kweli. Au angesema mwiko huo wanaujua waganga wote, naye aliushika kwa ugonjwa mwingine. Mtu mmoja tu angeweza kusema mwiko ule unatoka wapi, naye alikuwa Korogwe.

Semboja aliondoka Jumatano alfajiri. Alhamisi saa kumi jioni alifika kwenye stesheni ya reli Korogwe, miguu imevimba. Mzee Mbaruku alikuwa mahali pake, anawauzia abiria kahawa. Ujana wake wote alifuata misafara hadi bara, akicheza kiini macho kwenye ngoma: anameza sindano, anakata kamba na kuiunga, analamba chuma chekundu. Meno yalipomtoka, aliacha sindano akashika buli. Kila kitu kuhusu chuma kwenye lile daftari kilitoka kinywani mwake.

Semboja alimwamkia, akakaa, akamsomea ukurasa. Mbaruku alisikiliza mpaka mwisho.

"Mwiko wa mguu," Semboja aliuliza, "waganga wote wanao?"

Mzee alianza kucheka, akalazimika kuweka buli chini. "Waganga gani? Niliutunga mimi, hapa hapa. Wewe ulikuwa umekanyaga tope kwa mguu wa kushoto, nikauangalia, nikasema basi, tuweke mguu."

"Ulinidanganya, mzee wangu."

"Ulinipa kilemba?"

Kilemba ni ada ambayo mwanafunzi humpa fundi wake anapomaliza kufundishwa kazi, na Semboja hakutoa hata kitambaa cha pua.

"Mwanafunzi akinipa kilemba, namfundisha kazi," Mbaruku alisema. "Mtu akija na wino tu, namfundisha kazi na uongo mmoja. Fundi wangu alinifanyia hivyo, na wake alimfanyia hivyo. Siku nikimwona mtu anashika mwiko huo, najua kaiba wapi."

"Kuna mtu ameushika."

Kicheko cha mzee kilikwisha. Aliuliza nani ameungua, akaambiwa. Aliuliza mwanamke yuko wapi, akaambiwa, na habari za mtoto pia. Mbaruku alimwaga kahawa iliyobaki, akafunika kikombe, akaomba apewe muda wa kutafuta fimbo.

Walifika Kwemkonde Jumapili tarehe kumi na nane, saa nne asubuhi, mzee akiwa amepanda punda wa kuazima. Semboja aliita baraza kwenye uwanja wa Jumbe. Fatu alikuja, Kaleb alikuja na askari wake, wazee walikuja na viti vyao. Mhina alikaa mbele, mahali pa mpwa, mguu ameunyoosha.

Moto ulikuwa umewashwa na shoka lile lile lilikuwa ndani yake. Mbaruku alisimama, akatema mate, akawauliza kama wanajua kwa nini mzee asiye na meno bado anaitwa fundi. Akalivuta shoka likiwa jekundu, akaweka kiganja juu yake. Akataja jina lake, la baba yake, la punda, na majina ya wake zake wawili wa zamani pamoja na maoni yake juu yao. Kisha akainua mkono, ukiwa mzima. Watoto walicheka. Wazee hawakucheka.

"Mimi nimewahi kuiba kuku, kudanganya mume wa mtu na kunywa tembo mwezi wa Ramadhani," alisema. "Shoka limenisamehe yote. Ni shabu tu. Kazi hii nimeifanya miaka thelathini watu wapate kucheka, na wakitaka kunitunza, wananitunza."

Semboja akasimama. Aliwaeleza usufi, ambao mwosha maiti aliuthibitisha kwa kuinamisha kichwa tu. Aliwaeleza mchi uliosikika kuanzia adhana mpaka yowe. Wanaume ambao hawakuwa msikitini ni wawili, na wote wawili wako hapa. Kisha akamgeukia Mhina na kumuuliza, kwa sauti ile ile aliyompa maji nayo bomani, mguu uliumia lini.

"Nilikwambia, Bwana Karani. Jembe."

"Mama Fatu ulimwambia mwiba."

"Mwiba kwanza. Halafu jembe, pale pale."

"Jumamosi tarehe tatu?"

"Kama hivyo."

"Na Jumapili tarehe kumi na moja ukatembea nao saa nne mpaka Handeni, hukuchechemea, kitambaa hakina damu. Naomba tuuone."

Mhina alitazama wazee. Hakuna aliyemtetea. Askari aliinama, akafungua kanga kuukuu ya Fatu, mzunguko kwa mzunguko. Mguu ulitoka mweupe kwa vumbi kavu la siku kumi na tano. Ulikuwa mzima. Hapakuwa na kovu wala mkwaruzo, hata alama ya mwiba.

"Umepona," Mhina alisema.

"Mguu ukipona unaoshwa," Semboja alisema. "Wewe ni mtu wa kutawadha mara tano kwa siku. Kwa nini uufiche mguu mzima usipate maji?"

Alifungua daftari, akausoma mwiko kwa sauti, polepole. Kisha akamwomba Mbaruku aseme unatoka wapi, naye akasema, na habari ya tope pia. Punda alisikika akitafuna.

"Uongo huu haupo mahali pengine duniani ila humu," Semboja alisema. "Aliyeufuata aliusikia hapa uani, jioni ile. Aliufuata kwa sababu alikuwa anajiandaa kushika shoka. Baada ya shoka hakuthubutu kukifungua kitambaa, maana mguu mzima ungemuumbua. Lakini tarehe tatu Jumbe alikuwa mzima, anakula, anafukuza shule. Niambie, Mhina. Ni nani anayejiandaa kwa kiapo kabla haijapatikana maiti?"

Mhina aliushika mguu wake kwa mikono miwili, akaanza kuufuta vumbi, kama mtu aliyekuwa na hamu hiyo kwa siku nyingi.

"Nililima shamba lile miaka kumi na moja," alisema mwishowe. "Mjomba alikuwa anakaa kivulini ananiambia, lima, ni lako. Babu yake alilipata kwa mjomba wake. Mimi ndiye niliyechimba mfereji. Halafu anazaliwa mtoto, hajaota hata meno, naambiwa kwa dini ni lake. Dini alikuwa nayo siku zote, mbona hakuniambia nilipokuwa nachimba?"

"Na Hamisa?" Fatu aliuliza. Ilikuwa mara yake ya kwanza kusema.

"Mjomba angekufa hivi hivi, Hamisa angebaki na mtoto, na mngeniletea maneno ya kadhi. Mchawi harithi, wala mtoto wa mchawi." Aliangalia chini. "Nilipita mlango wa nyuma wakati anatwanga, na pembe niliiweka mimi. Sikutaka mkono uungue vile. Nilidhani atagusa tu na kuuondoa."

Mzee mmoja kwenye viti vya mbele alifunika uso kwa kofia yake.

Askari alimfunga Mhina, safari hii kwa kamba. Alipompitisha karibu na Kaleb, mwalimu alisogea kando akampa njia, ingawa yeye ndiye angeweza kuwa kwenye kamba ile.

Jumatatu saa moja asubuhi wafungwa walipangwa mbele ya boma la Handeni kwa safari ya Pangani. Mhina alikuwa wa tatu. Mganga aliachwa ndani amalizie adhabu yake. Mzungu wa boma alisoma taarifa ya Semboja, akauliza maswali mawili, akaamuru mwanamke afunguliwe. Kuhusu daftari, alisema ukurasa wa mwiko ni uongo, kwa hiyo ufutwe. Semboja alisema atauacha, ila ataandika pembeni jina la aliyeutunga, na kwamba bado anadaiwa kilemba.

Hamisa alitoka kwenye mlango mdogo, mtoto mgongoni, mkono wa kulia umefungwa na kushikiliwa kifuani. Nje walikuwa wamekaa wazee watano wa Kwemkonde. Walikuwa wameondoka kwao usiku wa manane. Aliyewatangulia alizungumza kwa niaba yao, maneno marefu mazuri: nyumba ni yake, shamba la bondeni ni la mtoto, kijiji kimekosa na kinaomba radhi. Hamisa aliwaacha wamalize. Kisha akauliza swali moja.

"Siku ile nilifumba macho. Ni nani aliyenishika mkono?"

Walitazamana. Semboja, aliyesimama mlangoni na kalamu sikioni, aliona mmoja wao akihesabu mawe ya chini. Kisha mzee wa mwisho, mdogo wa mwili, aliyefunika uso jana barazani, alivua kofia yake.

"Mimi, mwanangu."

Hamisa alimwangalia. Akafungua fundo la kanga kifuani kwa mkono wa kushoto na meno, akamshusha mtoto, akamweka mikononi mwa mzee.

"Basi wewe utambeba mpaka nyumbani," alisema. "Mimi mkono wangu hauwezi."

Akatangulia njiani. Mzee alifuata nyuma, anatembea kwa uangalifu sana, na mtoto akamshika ndevu.